Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Katika soko la mifugo la Nanyuki, Hersi Guled alijulikana kwa maneno mawili: "Huyu hapana." Alikuwa akimzunguka ng'ombe mara moja, anamshika nundu, anamwangalia kwato, kisha anatamka maneno hayo na kwenda zake. Mwenye ng'ombe humfuata nyuma akiuliza sababu, na sababu hapewi. Baada ya wiki mbili ng'ombe yule huanguka akafa zizini kwa mnunuzi mwingine, na soko zima linabaki kutikisa vichwa. Ulikuwa ufidhuli uliovaa kanzu, tuseme ukweli, lakini watu waliuheshimu kwa miaka arobaini, na mtu akiheshimiwa kwa kosa lake muda mrefu namna hiyo halioni tena.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Binti yake Bilan alikua kwa amri zisizo na maelezo. Usikae hapo. Usile hicho. Rudi ndani. Mama yake alifariki Bilan akiwa na miaka tisa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumfafanulia baba. Msichana akajifunza kutii kwanza na kushangaa baadaye. Mara nyingi aligundua kwamba pale alipokatazwa kukaa palikuwa na siafu kweli, na ile nyama aliyokatazwa ilikuwa imeoza.

Jambo moja tu lilimshinda kutii, nalo ni mlima. Alipofika miaka ishirini na miwili alisema anataka kwenda kubeba mizigo ya wageni Mlima Kenya, na baadaye, Mungu akipenda, awaongoze. Hersi akasema hapana. Bilan hakubishana, alikuja na Peterson.

Peterson alikuwa mpagazi wa Naro Moru, mtu wa makamo mwenye shingo nene na sauti ya chini. Aliingia akiwa amevua buti zake mlangoni, akanywa chai ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso, jambo ambalo lilimpa alama ya kwanza. Kisha akasema, "Mzee, huyu msichana yako ako na kifua. Mimi nitaenda na yeye, na nitarudi na yeye mpaka hapa kwa mlango. Hiyo ni promise."

Hersi alimaliza chai yake kwanza. Akasema, "Mrudishe." Basi.

Na kwa miaka minne Peterson alimrudisha. Kila safari ilipoisha, hata kama mvua inanyesha, hata kama basi la kwenda kwake linaondoka, alimfikisha Bilan mlangoni na kungoja mzee atoke amwone. Halafu wale wanaume wawili waliketi kwenye benchi la uani. Wote wawili goti la kulia lilikuwa limekwisha: la Hersi kwa kuswaga ng'ombe kutoka Isiolo kwa miguu enzi za ujana, la Peterson kwa kuteremka na masanduku ya watu miaka ishirini na mitano. Walikaa wakiyasugua magoti yao bila kusema mengi. Hersi hakuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo mjini, ingawa hakuwahi kumwambia.

Fimbo zile zilikuja mwaka jana. Mgeni mmoja, mama mzee, alimwachia Bilan jozi yake aliposhuka. Zilikuwa za aluminiamu, nyeusi, kila moja vipande vitatu vinavyoingiana, na unazifunga kwa kuzungusha. Hersi alipoziona alicheka mpaka akakohoa.

"Mungu amekupa miguu miwili, wewe umeongeza miwili. Kesho utaanza kula nyasi."

"Njoo nikuonyeshe, Aabo," alisema Bilan, akimwita baba kwa Kisomali chao.

Akamwonyesha pale uani. Unapopanda, unazifupisha. Unapoteremka, unazirefusha, kwa sababu ardhi iko chini yako. Mkono unaingia kwenye mkanda wa mpini kutoka chini, halafu unashika, uzito ukae kwenye mkanda si kwenye vidole. Lakini ukifika kwenye mawe makubwa unautoa mkono kabisa, maana fimbo ikinaswa kati ya mawe itakuvuta nayo. Fimbo inatangulia, mguu unafuata.

"Wakati wa kuteremka, Aabo, unaegemea kabisa. Uzito wote unauweka hapa. Goti halisemi kitu."

Hersi akazichukua, akashuka nazo ngazi tatu za jikoni. Alisimama chini akitazama ukuta. Goti halikusema kitu. Akapanda, akashuka tena, na Bilan akaona macho ya baba yake yamejaa, naye akajifanya anafunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo Hersi hakuzitania tena fimbo zile. Alizipenda kama kitu chake.

Ndiyo maana Jumapili hiyo ya Julai, alipozikuta zimeegemezwa ukutani, zimejaa mchanga wa mlimani na zinalia zikizungushwa, hakuweza kuziacha. Bilan alikuwa anaondoka kesho yake na kundi la wageni watatu, na alikuwa ameenda dukani kununua mahitaji. Hersi akaingia jikoni akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo.

Hayo hakuyabuni yeye. Baba yake alikuwa akiipaka fimbo yake mafuta ya mkia kabla ya kila safari ndefu, na babu yake kabla yake, kwa sababu fimbo kavu hukuvunjikia mbali na nyumbani. Bakora ya Hersi mwenyewe, ya mti wa mutamaiyu, ilikuwa imekunywa mafuta hayo kila mwezi kwa miaka arobaini na ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Kwa hiyo alizikung'uta fimbo za binti yake, akazivuta vipande vipande, akazifuta, akazipaka nje. Kisha, kwa kuwa alitaka kazi iwe kamili, akafunga kitambaa kwenye waya, akakichovya, akakipitisha ndani ya kila mrija na juu ya kile kidude cha plastiki kinachokaa ndani. Alisoma dua akiwa anafanya hivyo. Alipozirudishia, vipande viliteleza taratibu bila kulia hata kidogo. Akavikaza, akaegemea kwa uzito wake wote katika baridi ile ya jioni, na fimbo zikashika. Aliridhika sana.

Asubuhi Bilan alizinusa akacheka. "Zinanukia Idi," alisema. Alidhani zimefutwa kwa nje tu, kama baba anavyoifuta bakora yake. Aliubusu mkono wa baba yake, akaondoka. Nje ya geti Peterson alikuwa anamngoja, akapunga mkono.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo alifika Gatimu, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko, anayeshona mahema ya wapagazi na kurekebisha majiko yao na fimbo zao. Alikuwa amemletea Hersi viatu vyake vilivyotiwa soli. Akapewa chai, na Hersi, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, siku hiyo akajisifu.

Gatimu alisimamisha kikombe kabla hakijafika mdomoni. "Umepaka nje tu, ama na ndani?"

"Na ndani. Sasa zinateleza vizuri."

"Ngai," alisema Gatimu. Akaweka kikombe chini. "Mzee, hiyo kitu haifai kuteleza. Ile plastiki ya ndani inashika kwa sababu ni kavu. Ukiipaka mafuta hakuna kitu inashika."

"Nilizijaribu. Niliziegemea mimi mwenyewe. Zilishika."

"Jana kulikuwa na baridi. Mafuta ilikuwa imeganda. Na huko juu pia itaganda, itashika poa kabisa, apande nayo aiamini." Gatimu alikuwa hamtazami. "Shida ni kushuka. Jua ikipiga hiyo chuma, mafuta inakuwa maji. Na kushuka ndio mtu huweka uzito yote. Inaingia ndani mara moja, mzee. Hata hupati time ya kushtuka."

Hersi aliinuka akaenda kuchukua simu. Alipiga ya Bilan, akapiga ya Peterson. Sauti ya mwanamke ikamwambia, kwa upole ule ule kila mara, kwamba mteja hapatikani. Gatimu alipoondoka alimwacha bado anapiga.

Jumanne asubuhi alikodi pikipiki mpaka lango la Sirimon. Askari wa lango walimhurumia, lakini walilitazama goti lake na bakora yake, wakamwambia kwamba hata akilipa atafika kwenye kona ya pili tu. Kundi la Bilan lilikuwa limeshalala kambi ya Old Moses na sasa linapandisha bonde kwenda kambi ya Shipton. Kesho alfajiri wageni wangefika kileleni, kisha wote wangeteremka.

Pale langoni palikuwa na wapagazi watano sita wanafunga mizigo. Mmoja alikuwa Njoki, mwanamke wa Kieni mwenye miguu ya haraka, aliyekuwa anapeleka mtungi wa gesi na mboga Shipton na alitarajia kufika kabla ya giza.

"Utamwona Bilan?" Hersi alimuuliza.

"Lazima. Tutakula pamoja. Nimwambie nini, mzee?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa machache na mepesi: nilizipaka mafuta ndani, zitateleza, mtu yeyote asiziegemee. Lakini wale wapagazi walikuwa wameacha mizigo yao wanasikiliza. Wawili kati yao walikuwa wamenunua mbuzi kwake. Hersi aliuona mzaha unavyoanza kwenye midomo yao, ati Mzee Hersi amepaka fimbo za chuma mafuta ya kondoo kama bakora ya kuchungia, na alijua mzaha ule ungefika Nanyuki kabla ya pikipiki yake. Miaka arobaini hakuna aliyemcheka.

"Mwambie baba yake amesema asitumie zile fimbo," alisema.

"Kwa nini?"

"Mwambie hivyo tu. Atatii."

Njoki alimtazama kidogo. Alimjua ni nani, na wote walijua tabia yake. "Sawa, mzee," alisema, akainua mzigo.

Kwenye kona alisimama kukaza mkanda wa mzigo, akageuka. Alikuwa bado karibu, sauti ingemfikia. Aliinua mkono kuaga. Hersi naye akainua bakora, na Njoki akapotelea kwenye miti.

Jumatano mlima ulijifunua. Ilikuwa Julai, na mwezi ule sisi wa huku huwa tunakaa siku kumi bila kuliona jua, lakini siku hiyo mbingu ilikuwa bluu tupu na vilele vilionekana mpaka nyufa zake. Mji mzima ulifurahi. Kila kamba ilijaa nguo. Hersi alipita getini, akaligusa bati kwa kiganja, akauondoa mkono haraka.

Akaingia jikoni, akachota mafuta kidogo ya mkia, akayaweka kwenye kifuniko cha kopo, akakiweka juu ya ukuta. Alileta kiti akakaa akiyatazama. Saa tatu yalikuwa bado meupe. Saa nne yalianza kung'aa pembeni. Ilipofika saa nne na nusu yalikuwa maji, na nzi mmoja alikuwa ndani yake. Alijiambia kwamba Njoki alifika jana. Alijiambia kwamba Bilan amemtii tangu utotoni, tena pasipo kuuliza, na kwamba yuko salama. Alijiambia hayo mara nyingi sana.

Saa kumi Gatimu alipiga simu. Kulikuwa na habari kutoka mlimani, imepita kwa redio ya askari. Mtu ameanguka chini ya Shipton, mahali njia inaposhuka kwenye mawe kuelekea mtoni. Ni mtu wa kundi la Bilan. Jina hawajasema. Wanambeba.

Alhamisi, lango lilipofunguliwa, Hersi alikuwa hapo. Kwenye benchi la askari alimkuta mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, chupa ya chai mapajani. Alimfahamu kwa salamu tu. Alikuwa Nduta, mke wa Peterson.

"Nimeambiwa ni Peterson," alisema kabla hajaulizwa. "Ati ni mguu. Nimemletea uji, huyo mtu hawezi kunywa chai akiwa mgonjwa. Watampeleka Nyeri, huko wako na daktari wa mifupa."

Furaha ikampanda Hersi. Ilimpanda mzima mzima, kutoka miguuni, na hakuweza kuizuia. Ilibidi ainamishe kichwa ili mwanamke yule asiione usoni mwake. Si Bilan. Si Bilan. Ilipopoa kidogo ndipo alipojisikia vibaya. "Pole, mama," alisema, akaketi kando yake, naye Nduta akammiminia uji kwenye kifuniko. Akaunywa. Walikaa hivyo karibu saa nzima wakiitazama barabara ya juu.

Gari lilishuka polepole mno. Hersi aliona hilo, lakini hakulifikiria. Mlango wa mbele ulifunguliwa na Bilan akashuka kwa miguu yake miwili, mzima, uso umechomwa na jua.

"Alhamdulillahi!" Hersi alipaza sauti, akasimama bila bakora.

Bilan alimtazama kama hamjui. Hakumjia. Alizunguka nyuma ya gari, na askari wawili wakamsaidia kufungua. Blanketi la kijivu lilikuwa limefunika kitu chote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na limefungwa kwa kamba za mahema.

Nduta alikuwa ameshasogea na chupa yake. "Mbona mumemfunika mpaka uso?" aliuliza. "Sasa atapumua aje?"

Askari mmoja alivua kofia. Nduta aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaiweka chupa chini taratibu, akaufunga mfuniko uliokuwa umelegea, akapanda nyuma ya gari na kuketi karibu na mumewe. Hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya blanketi, mahali penye kifua.

Ndipo Bilan alipomjia baba yake. Mkononi alikuwa na fimbo mbili. Moja ilikuwa ndefu. Nyingine ilikuwa imeingiana yote, fupi kama mwiko.

"Nilipata ujumbe wako," alisema. "Sikuuliza. Nilidhani umenikataza mimi, kwa sababu zako mwenyewe. Nikazifunga kwenye mzigo." Aliigeuza ile fupi mkononi. "Jana tukishuka goti lake likamgomea. Anaona nabeba fimbo ambazo situmii. Nikampa. Nikamwambia aziegemee bila wasiwasi, zimetengenezwa na mtu anayejua fimbo."

Hersi alinyoosha mkono kuzichukua. Bilan hakuzitoa.

"Alikuwa na goti kama lako, Aabo."

Mpaka hapo walikuwa wanasemezana Kisomali, na hakuna mwingine langoni aliyewaelewa. Sasa Bilan akabadili, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, na kutoka nyuma ya gari Nduta akainua kichwa.

"Kwa nini ulinikataza?"

Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumuuliza baba yake sababu. Wapagazi walikuwa wamesimama kando ya lango, wale wale wa juzi, na Njoki miongoni mwao, amekuja na gari, macho mekundu. Hersi aliona kwamba angeweza kujibu kwa Kisomali. Bilan angeelewa, na wengine wote wangejua tu kwamba mzee anaomboleza na mwanawe. Lugha yake ilikuwa tayari mdomoni.

"Nilizipaka mafuta," alisema kwa Kiswahili. "Ya kondoo. Mpaka ndani. Nilikuwa nataka ziwe nzuri."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale walionunua mbuzi kwake alikuwa anatazama chini.

Nduta alishuka kwenye gari. Alikuja mpaka mbele yake, karibu sana, akamtazama kama mtu anayetaka kueleweshwa bei.

"Ulijua lini hiyo mafuta ni mbaya?"

"Jumatatu."

Nduta alitikisa kichwa polepole, akikubali. Aligeuka akaitazama barabara inayopanda mlimani, ambayo Njoki alikuwa ameipanda siku ya Jumanne na mboga na mtungi wa gesi, halafu akamgeukia tena.

"Leo ni Alhamisi, mzee," alisema.